Lakiri si Vanishi: Maoni juu ya Istilahi za Kung'arisha Samani

Utangulizi

Uhakiki wa istilahi aghalabu huanza na maandishi makubwa: sheria, hesabu za serikali, elimu ya viumbe. Maneno ya seremala, ya mwashi na ya mshonaji huachwa mwisho, kana kwamba fundi hana haja ya istilahi, au kana kwamba akikosewa neno hapadhuriki mtu. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kinyume chake. Mwanasheria akipewa neno baya hubishana nalo. Fundi akipewa neno baya hulitii, na mbao ikaharibika.

Maandishi tunayoyahakiki ni kijitabu cha mafunzo ya useremala, hasa sehemu yake inayohusu kumalizia samani. Kimetafsiriwa kutoka Kiingereza na kurudufiwa bila jina la mfasiri. Hatutawataja waliokitoa. Kusudi letu si kumwaibisha mtu, na makosa tutakayoyaeleza tumeyakuta, kwa sura moja au nyingine, katika maandishi mengine ya aina hiyo.

Tulikiona kijitabu hicho Mlingotini, kijiji cha pwani kilicho kusini mwa mji wa Bagamoyo, ukishapita Kaole na Mbegani. Ni kijiji cha wavuvi na wakulima wa mwani, na pwani hii ina elimu ndefu ya kuhifadhi mbao. Waundaji wa vyombo wana neno kalafati kwa kazi ya kuziba nafasi za mbao kwa pamba. Wana deheni, yaani mchanganyiko wa shahamu na chokaa wa kuzuia maji. Na wana sifa, mafuta ya papa yanayopakwa chomboni. Hakuna hata moja kati ya maneno hayo linaloweza kukaa mahali pa jingine, na hapana mwanafunzi wa uundaji anayeruhusiwa kuyachanganya. Lugha yenye uangalifu wa namna hiyo kwa mashua haina sababu ya kushindwa na meza.

Meza yenyewe tuliikuta katika kibanda cha fundi mmoja mzee. Ilikuwa ya msaji, ya urithi, yenye mng'aro wa rangi ya asali, isipokuwa upande mmoja ambako kitu kama ngozi nyembamba kilikuwa kinabanduka vipande vipande mfano wa gamba la nyoka. Tulimwamkia mzee, naye baada ya kuitikia akatueleza kisa chake. Mwanafunzi wake, kijana msomaji, alikuwa amekifuata kijitabu neno kwa neno. Kijitabu kilimwambia kwamba samani za zamani zimepakwa "vanishi ya shelaki", kwamba vanishi hiyo huuzwa katika vipande vikavu, na kwamba vipande hivyo vifanywe majimaji kwa "kiyeyushi cha vanishi". Vipande mzee alikuwa navyo. Kijana akaenda dukani akaomba kiyeyushi cha vanishi, akapewa tapentaini, kama ambavyo mwenye duka yeyote angempa. Vipande vikakaa katika kopo siku mbili kama kokoto mtoni. Kijana akadhani vimeharibika kwa uzee, akavimwaga, akanunua vanishi ya kopo na kuipaka juu ya mng'aro wa zamani. Neno lilimruhusu: vanishi juu ya vanishi kuna ubaya gani?

Mzee hakumgombeza. Alituambia haya tu: "Wanangu, huyu kijana amesoma vizuri. Kitabu ndicho hakikusoma."

Kauli hiyo ndiyo iliyotufanya tukiombe kijitabu na kukipitia ukurasa baada ya ukurasa.

Vitu viwili visivyofanana

Kosa la msingi la kijitabu ni kutumia neno vanishi kwa kila kitu kinachong'arisha mbao. Ili kuona ukubwa wa kosa hilo yafaa tueleze vitu vyenyewe kwanza.

Shelaki hutolewa na mdudu mdogo mno, Kerria lacca, anayeishi juu ya matawi ya miti huko India, Thailand na nchi za jirani. Wadudu hao hufyonza utomvu wa mti na kujifunika kwa ute unaoganda. Matawi hukwanguliwa, ganda hilo huoshwa, huyeyushwa kwa moto, huchujwa, hutandazwa hata likawa jembamba kama karatasi, kisha huvunjwa vipande vipande. Vipande hivyo huyeyuka katika spiriti. Havikubali maji, wala tapentaini, wala mafuta ya taa. Vikishayeyushwa na kupakwa, spiriti huvukia hewani na kile kilichokuwa ndani yake hubaki juu ya mbao. Hapana mabadiliko mengine yanayotokea. Ndiyo maana hata baada ya miaka mingi spiriti ikimwagika mezani mng'aro hulainika tena, na kikombe cha chai ya moto huacha alama ya duara.

Vanishi ya mafuta ina tabia nyingine kabisa. Hiyo ni utomvu uliopikwa pamoja na mafuta yakaukayo, kama mafuta ya kitani, kisha ukafanywa mwepesi kwa tapentaini. Haikauki kwa kuvukia peke yake. Hukauka kwa kuvuta oksijeni ya hewa na kugeuka kuwa kitu kipya. Ikishageuka hairudi tena katika hali ya majimaji, hata ukiimwagia tapentaini ileile uliyoitumia mwanzo. Vanishi nyingi za kiwandani zinazouzwa leo, ingawa utomvu wake ni wa kutengenezwa na wanakemia, zimo katika jamii hii ya vitu visivyorudi nyuma.

Tofauti hii ndiyo swali la kwanza la fundi anayetengeneza samani kuukuu. Kabla hajagusa kitu, huchukua kitambaa chenye spiriti kidogo na kusugua mahali pasipoonekana, tuseme chini ya ubao wa meza. Mng'aro ukilainika na kunata, hiyo ni shelaki, na unaweza kutengenezwa kwa shelaki mpya bila kukwanguliwa. Usipolainika, ni kitu kingine. Zaidi ya hayo, shelaki ya kawaida ina nta ya asili ndani yake, na vanishi nyingi za kisasa hazishiki vema juu ya nta. Hapo ndipo lilipotoka gamba la nyoka tuliloliona Mlingotini.

Basi mfasiri aliyeandika "vanishi ya shelaki" hakukosea herufi. Alikosea jamii. Ni kama mtu aliyeandika kwamba popo ni ndege wa usiku, kisha akawashauri wasomaji wamtafutie mayai.

Neno lakiri na madai dhidi yake

Je, Kiswahili hakina neno la kitu hiki? Tunalo, na ni la siku nyingi. Kamusi zetu, tangu ile ya Johnson ya mwaka 1939, zinalitaja neno lakiri kwa maana ya kitu cha kutilia muhuri barua na vifurushi. Wengi hukiita kitu hicho nta, lakini jina hilo linapotosha. Lakiri nzuri ya zamani haikutengenezwa kwa nta ya nyuki. Kiini chake kilikuwa utomvu huu huu wa mdudu wa India, uliochanganywa na utomvu mwingine na rangi nyekundu. Asili ya neno pia inaelekea hukohuko, kwani lugha za Bara Hindi, Kiajemi na Kiarabu zote huuita utomvu huo kwa jina lenye shina la lak. Wako wanaolihusisha jina hilo na laki, yaani 100,000, kwa sababu ya wingi wa wadudu wake. Sisi hatujengi hoja juu ya jambo hilo.

Kitu hiki kimekuwa karibu nasi kuliko tunavyodhani. Kilifunga barua za wafanyabiashara. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake, sauti yake ilitiwa katika sahani za santuri ambazo kiungo kilichozishikamanisha kilikuwa shelaki. Vidonge vingi vya dawa hata leo hufunikwa kwa utando wake. Mswahili amekivunja, amekisikiliza na amekimeza. Amekosa tu kukiona kwa jina lake.

Hata hivyo mtu anaweza kutoa madai matatu dhidi ya lakiri, nayo yanastahili kujibiwa.

Dai la kwanza ni kwamba lakiri imekwisha kuwa na maana ya muhuri, nasi hatupaswi kulibebesha neno moja mizigo miwili. Jibu letu ni kwamba mzigo ni ule ule. Kitu ni kimoja, matumizi ni mawili. Lugha yetu ina desturi ya kuruhusu jambo hili pale ambapo kuna uhusiano ulio wazi. Tazama neno msasa. Asili yake ni mmea wenye majani makavu yanayokwaruza, ambayo mafundi waliyatumia kulainishia mbao. Ilipokuja karatasi yenye mchanga hatukutafuta jina jipya. Tuliipa karatasi jina la jani, kwa kuwa kazi yao ni moja. Hapana mwanafunzi aliyewahi kuchanganyikiwa kwa ajili ya hilo.

Dai la pili lina nguvu zaidi. Katika ofisi zetu lakiri siku hizi si utomvu tena. Mtumishi wa serikali aliyewahi kusimamia kituo cha kupigia kura anaijua lakiri kuwa ni kifungo cha plastiki chenye namba, kinachotiwa katika sanduku la kura. Neno limeacha kitu na kufuata kazi. Tukimwambia mtumishi huyo kwamba meza yake imepakwa lakiri, atatafuta kifungo. Dai hili tunalikubali, na ndilo linalotufanya tupendekeze istilahi ya maneno mawili: lakiri ya mbao. Neno la pili linamzuia msomaji asiende kwenye sanduku la kura, nalo la kwanza linamkumbusha seremala kwamba kitu hiki si vanishi.

Dai la tatu ni la wale wanaosema: kwa nini tusikope moja kwa moja na kuandika shelaki? Hatulichukii neno la kukopa. Randa, patasi, keekee na spiriti hazikuzaliwa hapa, nazo zinafanya kazi njema katika kila karakana. Ila kukopa kuna maana pale ambapo ghala ni tupu. Isitoshe, neno shelaki halimfundishi msomaji chochote. Ndiyo maana mfasiri wetu aliona lazima alitegemeze kwa vanishi, na kwa kulitegemeza akaliangusha. Tunashauri shelaki litajwe mara moja tu mwanzoni mwa maandishi, ili msomaji aweze kulitambua jina lililo juu ya kopo, kisha lakiri ya mbao lishike nafasi yake.

Tulimwuliza mzee wa Mlingotini yeye hukiita kitu hiki nini. Alijibu bila kufikiri: "Lakiri. Ile ya spiriti." Ushahidi wa mtu mmoja hautoshi kusimamisha istilahi, nasi hatuisimamishi juu yake. Lakini twaona ni haki kusema kwamba maneno yake mawili yalikuwa na elimu zaidi ya ukurasa mzima wa kijitabu: jina la kitu, na jina la kinachokiyeyusha.

Sandarusi iliyosahauliwa

Kuna neno jingine ambalo kijitabu kimelipita bila kulisalimu, na kwa watu wa Bagamoyo upungufu huu ni wa kusikitisha. Katika kueleza vanishi ya mafuta, kijitabu kinaorodhesha "kopali" miongoni mwa viungo vyake, na kuieleza kuwa ni "aina ya gundi kutoka nchi za joto".

Kopali hiyo ni sandarusi. Hutoka katika msandarusi, mti wa pwani yetu ambao wataalamu wa mimea huuita Hymenaea verrucosa. Iliyo bora haikutolewa mtini bali ilichimbwa ardhini, mahali ambapo misandarusi iliishi zamani na kuacha utomvu wake ukazikwa na kuwa mgumu kama jiwe. Katika karne ya 19 sandarusi ya Mrima ilivushwa mpaka Zanzibar, na huko ilinunuliwa na wafanyabiashara wa nje, wakiwamo Wamarekani wa Salem, ili ikatengenezwe vanishi za magari ya farasi na samani za fahari. Richard Burton, aliyepitia Kaole mwaka 1857 katika safari yake ya bara, aliandika habari za uchimbaji huo na majina yake. Alieleza kwamba ile changa, itokayo mtini, iliitwa chakazi, na kwamba wafanyabiashara wa Zanzibar waliligeuza jina hilo likawa neno la Kiingereza lenye maana ya punda dume. Tunakitaja kisa hiki kwa sababu kina funzo. Wageni walipolichukua neno letu bila kuliuliza maana yake walipata punda. Nasi tunapochukua maneno yao kwa namna hiyo hiyo hatupati kilicho bora zaidi.

Sandarusi iliondoka pwani hii ikiwa na jina, ikarudi ndani ya makopo ikiwa haina. Mfasiri aliyeandika "kopali, aina ya gundi kutoka nchi za joto" alikuwa akimfasiria msomaji ambaye huenda babu yake aliichimba. Hatudai kwamba vanishi za leo zina sandarusi. Utomvu wa viwandani ulikwisha chukua mahali pake. Lakini panapotajwa kitu chenyewe, jina lake litajwe.

Jambo hili lina faida ya kielimu pia. Sandarusi ya kuchimbwa haiyeyuki kwa urahisi katika spiriti. Sharti iyeyushwe kwanza kwa moto mkali, ndipo ikubali mafuta. Lakiri huyeyuka katika spiriti bila moto. Hivyo maneno mawili ya zamani ya Kiswahili, sandarusi na lakiri, yanazigawa jamii mbili za vitu ambazo kijitabu kimezichanganya: moja ni ya moto na mafuta, ya pili ni ya spiriti. Mwalimu anayetaka kuueleza mgawanyo huo darasani anayo maneno tayari.

Makosa mengine

Tunaorodhesha hapa makosa manne yaliyosalia, kwa kuwa kila moja lina chanzo chake.

(a) Mpira. Kijitabu kinamwagiza mwanafunzi apake shelaki "kwa mpira". Katika Kiingereza cha useremala kifaa cha kupakia lakiri kinaitwa kwa neno lile lile la mpira, kwa sababu neno hilo asili yake ni kusugua. Kifaa chenyewe hakina mpira hata kidogo. Ni pamba iliyofungwa ndani ya kitambaa safi kisichotoa nyuzi, ikawa kama yai linaloenea kiganjani. Majimaji hutiwa ndani ya pamba, si juu ya kitambaa, nayo hutoka kidogo kidogo mkono unapokaza. Tunapendekeza kifundo. Mkono ukiwa na kifundo huzunguka mfano wa namba 8, na kamwe hausimami juu ya mbao, kwa maana ukisimama kitambaa hunata na kung'oa kilichokwisha pakwa. Agizo hili muhimu limeachwa kabisa, bila shaka kwa sababu mfasiri hakuweza kuona jinsi mpira unavyoweza kunata.

(b) Pombe. Mahali pawili spiriti imefasiriwa kuwa "pombe". Hili si kosa la kuchekesha. Spiriti ya mafundi hutiwa sumu makusudi ili isinywewe, nayo hupofusha na kuua. Kitabu cha mafunzo hakina ruhusa ya kuiita kwa jina la kinywaji. Kwa upande wa pili, kijana akidhani kwamba pombe yoyote itafaa, akatumia gongo, atakuta lakiri yake imekuwa na weupe kama maji ya mchele, kwa sababu ya maji yaliyomo ndani yake. Liandikwe spiriti, na pembeni pawe na onyo.

(c) Chumba chenye joto. Kijitabu kinasema kazi ifanyike "katika chumba chenye joto, na ikibidi uwashwe moto". Mwandishi wa Kiingereza alikuwa akiukimbia unyevu wa nchi ya baridi, ambako chumba hukauka kwa kupashwa moto. Mlingotini joto halijawahi kuwa haba; kinachokosekana wakati wa masika ni ukavu. Hewa yenye maji mengi huifanya lakiri ipate ukungu mweupe inapokauka. Tafsiri ya maana ingekuwa: "Fanya kazi siku kavu, jua likiwa limekwisha panda, wala usipake wakati wa mvua." Na kuhusu moto, tunaomba agizo hilo lifutwe leo. Mvuke wa spiriti hushika moto upesi, na kibanda cha makuti hakihitaji cheche mbili.

(d) Kata ya paundi mbili. Msemo huu umetajwa mara tatu, na watumishi wa serikali watasamehewa wakidhani ni jambo la utawala wa mikoa. Mafundi wa Kiingereza hupima uzito wa lakiri kwa paundi ngapi zimeyeyushwa katika galoni moja ya spiriti, na hukiita kipimo hicho kwa neno linalotokana na kukata. Mfasiri amelichukua neno, ameacha kipimo. Tena hakujiuliza ni galoni ipi. Paundi mbili katika galoni ya Kimarekani ni karibu gramu 240 kwa lita. Katika galoni ya Kiingereza ni karibu gramu 200. Msomaji wetu ana mizani ya gramu na chupa ya lita. Aandikiwe gramu na lita, na kipimo kiitwe uzito wa lakiri.

Tabaka na mara

Tumeliacha kwa makusudi neno tabaka, kwa sababu hapa kosa si la mfasiri peke yake. Ni letu sote. Kijitabu kinasema "paka tabaka nne, na kila tabaka likikauka lisuguliwe kwa msasa ili tabaka linalofuata lipate kushika". Wengi wetu tungeandika hivyo hivyo.

Kwa vanishi agizo hilo ni sahihi. Vanishi iliyokauka hairudi nyuma, kwa hiyo ya pili hulala juu ya ya kwanza bila kuungana nayo, na sharti ikwaruzwe ili ipate pa kujishika. Hayo ni matabaka kweli, moja juu ya jingine. Lakiri sivyo. Spiriti ya mara ya pili huilainisha lakiri ya mara ya kwanza, na zote mbili huwa kitu kimoja. Ukipaka mara 10 huna matabaka 10. Una utando mmoja ulionenepa. Msasa kati ya mara na mara ni wa kuondoa vumbi na vinundu tu, wala si wa kutafuta mshiko. Kijana anayeambiwa kwamba anapanga matabaka atakwaruza kwa nguvu kile ambacho kingeungana chenyewe, na atashangaa kwa nini kila anapopaka mng'aro unapungua.

Tunaona basi kwamba yafaa kutenga: tabaka kwa vanishi, mara kwa lakiri. "Paka vanishi matabaka matatu." "Paka lakiri mara kumi." Ni tofauti ndogo katika sarufi, lakini ndani yake mna siri nzima ya ufundi huu, na pia sababu ya kuupenda: samani iliyopakwa lakiri hutengenezeka daima, kwa kuwa jipya hukubaliana na la zamani.

Haki inatutaka tuseme pia mazuri ya kijitabu. Sentensi zake ni fupi. Maneno yake ya maandalizi ni ya watu: kupiga randa, kupiga msasa kwa kufuata nyuzi za mbao, kufuta vumbi kwa kitambaa. Tunaamini mfasiri aliwahi kuingia karakana. Alitoka mapema mno, kabla samani hazijaanza kung'arishwa.

Mapendekezo

Kwa kuwa Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa mwaka 1967 likiwa na wajibu, pamoja na mengine, wa kuikuza lugha na kuwasaidia wanaoitumia kazini, tunatoa mapendekezo yafuatayo yafikiriwe na wahusika:

1. Lakiri ya mbao litumike kwa utomvu wa mdudu wa India unaopakwa mbao. Shelaki litajwe mara moja kama jina la dukani.

2. Magamba ya lakiri litumike kwa vipande vikavu kabla ya kuyeyushwa. Jina hili halihitaji maelezo kwa mtu yeyote aliyewahi kuparua samaki.

3. Vanishi libaki kwa kitu kinachokauka kikawa hakirudi tena, na sandarusi litumike popote panapotajwa utomvu wa msandarusi.

4. Kifundo kwa kifaa cha kupakia. Uzito wa lakiri kwa kipimo cha gramu katika lita. Mara kwa kila upakaji wa lakiri, na tabaka kwa vanishi.

5. Maandishi yote ya ufundi yanayotafsiriwa yasomwe kwa sauti mbele ya fundi kabla ya kupigwa chapa, na fundi aulizwe: "Ukisikia hivi, utafanya nini?" Jibu lake ndilo kipimo cha istilahi.

Pendekezo hili la mwisho tunalisisitiza kuliko yote. Mara nyingi tunazijaribu istilahi kwa kuuliza kama zina sauti nzuri, kama zinafuata ngeli, kama zinalingana na lugha za jirani. Ni maswali mema. Lakini istilahi ya kazi ina swali lililo mbele ya hayo: mkono utafanya nini baada ya sikio kusikia? Tungelijibu swali hilo, kijana wa Mlingotini asingaliomba tapentaini.

Meza ile imekwisha tengenezwa. Tulipopita tena, mzee na mwanafunzi wake walikuwa wameikwangua vanishi iliyobanduka, wakapiga msasa mwepesi, wakaanza kupaka lakiri upande ulioharibika. Mpaka kati ya upande mpya na wa zamani ulikuwa bado waonekana. Tulimwuliza kijana kama wataufuta kwa msasa. Akasema, "La, mara mbili tatu hivi utajifuta wenyewe." Tuliona kwamba neno mara alilitamka bila kufundishwa nasi.

Wasomaji walio karibu na karakana, hasa walimu wa vyuo vya ufundi, wanaombwa kutuletea maneno ya kung'arisha mbao yanayotumika mahali walipo, pamoja na maelezo ya jinsi kazi yenyewe inavyofanywa. Neno lisilo na maelezo ya kazi hatutaweza kulitumia.